Kabla ya kuuliza bei ya nyumba Kariakoo, tuulize warithi

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa viumbe vyote, Mmiliki wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, masahaba zake na kila mwenye kuufuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika mazungumzo ya biashara jijini Dar es Salaam, kiwanja cha Kariakoo kimekuwa kipimo cha utajiri. Mwenye fedha anatafuta nyumba kongwe aibomoe, ajenge ghorofa. Mwenye nyumba kongwe anabishiwa hodi na madalali asubuhi na jioni. Kwa asili yake jambo hili halina ubaya. Biashara imehalalishwa na Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 275, aya ileile iliyoiharamisha riba. Mwislamu anayewekeza katika jengo ili apate kodi ya halali, asomeshe watoto wake na atoe zaka, amefanya jambo la kupongezwa.

Lakini lipo swali moja ambalo aghalabu huachwa. Mnunuzi huuliza bei, huuliza ukubwa wa kiwanja, huuliza hati, huuliza kama mtaa una wateja. Ni mara chache anauliza: mwenye nyumba hii alifariki lini, aliacha nani, na je, mirathi yake imekwisha gawanywa? Sisi tunasema kuwa hilo ndilo swali linalopaswa kutangulia mengine yote, na kwamba muuzaji na mnunuzi wote wawili wataulizwa juu yake mbele ya Mola wao.

Nyumba iliyokaa bila kugawanywa

Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, waliopiga kambi mahali hapo baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Baada ya vita eneo hilo likawa makazi ya Waafrika wa mji, na wengi wao walikuwa Waislamu. Walijenga nyumba za Kiswahili: ukumbi unaopita katikati, vyumba huku na huku, na uani jiko na choo. Mwenye nyumba aliishi na familia yake katika chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Miongoni mwa wenye nyumba hao walikuwamo pia wanawake, waliojenga kwa jasho la mikono yao.

Leo thamani ya nyumba kama hiyo haimo tena katika kuta zake, imo katika ardhi iliyo chini yake. Wafanyabiashara wa Zambia, Malawi, Kongo na Visiwa vya Komoro huja Kariakoo kununua bidhaa, na fremu inayotazama barabara hugombewa kwa kilemba kabla hata ya kodi yenyewe kutajwa.

Thamani imepanda, lakini umiliki umebaki palepale alipouacha marehemu. Baada ya maziko wafiwa walisoma hitma, wakamaliza arobaini, wakatawanyika. Hakuna aliyekaa na sheikh kupiga hesabu ya mafungu. Hati imebaki na jina la babu. Mtoto wa kiume mkubwa, au yule aliyebaki akiishi pale, amegeuka kuwa ndiye “mwenye nyumba”. Ameendelea kupokea kodi mwaka baada ya mwaka. Dada zake wameolewa Tanga, Kilwa na Unguja, na mwingine yuko Muscat. Wote wanaambiwa kuwa nyumba ipo, isipokuwa siku ya kuuza ndipo husikia kuwa haipo tena.

Mwenyezi Mungu (s.w.) amebainisha katika Suratun Nisaa, aya ya 7, kuwa wanaume wana sehemu katika walichoacha wazazi na jamaa, na wanawake nao wana sehemu, kiwe kidogo au kingi, na kwamba hiyo ni sehemu iliyofaradhishwa. Haki hiyo inathibiti siku ileile mauti yanapofika. Kinachotangulia mgawanyo ni gharama za maziko, madeni na wasia. Na miongoni mwa madeni ni mahari ya mke ambayo hayajalipwa. Vilevile, ikiwa mke alichangia kujenga nyumba kwa mali yake kama mshirika, sehemu yake huondolewa kwanza kwa kuwa ni yake, si mirathi ya mtu. Haki ya binti haingoji kaka yake aridhie, wala haifutwi na miaka kupita.

Hesabu iliyo wazi

Tuchukue mfano. Marehemu ameacha mke mmoja, watoto wa kiume 2 na wa kike 3. Wazazi wake walikwisha tangulia mbele ya haki. Mke ana thumuni, yaani fungu 1 katika 8. Yanabaki mafungu 7, na watoto huyagawana kwa kanuni ya aya ya 11 ya Suratun Nisaa: wa kiume hupata mafungu mawili kwa moja la wa kike. Basi kila mtoto wa kiume ana mafungu 2 na kila wa kike ana fungu 1. Tuseme nyumba imeuzwa shilingi milioni 800, na hapana deni wala wasia. Mjane anastahiki milioni 100, kila binti milioni 100, na kila mtoto wa kiume milioni 200.

Sasa kaka wawili wakiuza na kugawana wao kwa wao, nusu kamili ya fedha waliyotia mfukoni si yao. Ni ya mama yao na dada zao. Na wakimpa kila dada milioni 10 “za kanga”, hawakufanya hisani yoyote. Wamemlipa sehemu ya deni na kumdhulumu iliyobaki.

Iko hali nyingine inayowachanganya wengi, nayo ni ya wajukuu. Mtoto wa marehemu aliyekufa kabla ya baba yake hakurithi, na watoto wake wanazuiwa na ami zao. Hao babu alipaswa kuwakumbuka kwa wasia usiozidi theluthi ya mali yake. Na aya ya 8 ya sura hiyo inatuusia kuwapa kitu jamaa, mayatima na masikini wanaohudhuria mgawanyo. Lakini mtoto aliyekufa baada ya baba yake, hata kama ni kwa siku moja, alikwisha kurithi. Fungu lake linahamia kwa warithi wake yeye. Katika mfano wetu, kaka mmoja akifariki kabla ya nyumba kugawanywa, akaacha mama, mke, mtoto wa kiume na wa kike, basi katika milioni 200 zake mama yake ana sudusi, mke wake ana thumuni, na zinazobaki ni za watoto wake. Ami anayewaambia watoto hao kuwa baba yao hayupo na hivyo hawana chao, anakula mali ya mayatima. Aya ya 10 ya sura hiyo inaeleza kuwa wanaofanya hivyo kwa dhulma wanajaza moto matumboni mwao.

Na hukumu ya kodi ni kama hukumu ya nyumba. Kodi iliyopokewa tangu siku ya kifo ni mali ya warithi wote kwa mafungu yao, baada ya kuondoa gharama za haki za matengenezo na kodi za serikali. Aliyeipokea peke yake kwa miaka 15 bila ya idhini ya wenzake ana deni. Ama walipe, ama waliomdai wamsamehe kwa hiari yao, wakijua kiasi wanachosamehe.

Hoja ya “nyumba ya ukoo”

Wapo wanaosema: “Baba aliusia nyumba hii isiuzwe, ni ya ukoo.” Kauli hii tunaiheshimu, lakini tuipime kwa sheria. Mtume (s.a.w.) alimwekea Saad bin Abi Waqqas mpaka wa theluthi katika wasia, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Na imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kuwa mrithi haandikiwi wasia. Wanazuoni wengi wakasema hautekelezwi ila warithi wengine wakiridhia. Hivyo neno la baba haliwezi kumfungia binti fungu lake lisimfikie maisha yake yote, huku kaka akiendelea kufaidika nalo.

Mwenye kutaka nyumba yake isiuzwe wala isirithiwe, njia yake ni wakfu, nao hufanywa mtu akiwa hai na mzima, kwa maandishi na mashahidi. Hivyo ndivyo alivyofanya Umar bin Khattab (r.a.) kwa ardhi yake ya Khaybar baada ya kumtaka ushauri Mtume (s.a.w.): asili ikazuiwa, mazao yakatolewa sadaka. Na nyumba iliyokwisha kuwekwa wakfu, iwe kwa msikiti, kwa madrasa au kwa kizazi, si bidhaa ya sokoni. Mnunuzi akutane na neno wakfu asimame, aulize wanazuoni, asijidai hakusikia.

Wajibu wa mnunuzi

Hapa ndipo tunapotaka kuzungumza na ndugu yetu mwenye fedha. Atasema: “Mimi nimenunua kwa msimamizi wa mirathi, ana barua ya mahakama. Ya ndani ya familia yananihusu nini?”

Ni kweli kuwa hapa Tanzania Mahakama ya Mwanzo humteua msimamizi wa mirathi kwa marehemu aliyeishi kwa taratibu za Kiislamu, na barua hiyo ni ya lazima. Lakini msimamizi ni mwaminiwa, si mmiliki. Kanuni za mirathi za Mahakama za Mwanzo zinamtaka alete orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4, kisha alete hesabu ya mgawanyo. Aliyeteuliwa mwaka juzi na hajarudi mahakamani, ana nini cha kuficha? Mnunuzi anayeona dalili hizo na akanyamaza kwa sababu bei ni nafuu, hawezi kujitoa katika dhulma. Bei kuwa nafuu huenda ni kwa sababu ndani yake kuna fungu la mtu ambaye hajaulizwa.

Umm Salama (r.a.) amesimulia, na Abu Daud ameipokea, kuwa watu wawili walimjia Mtume (s.a.w.) wakigombea mirathi ya zamani wala hawana ushahidi. Mtume akawaeleza kuwa yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na kwamba aliyekatiwa haki ya ndugu yake asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Wale watu walilia, kila mmoja akamwachia mwenziwe haki yake. Mtume akawaamuru wagawane, waitafute haki, wapige kura, kisha kila mmoja amsamehe mwenziwe. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haihalalishi haramu, barua ya mahakama itawezaje?

Basi mnunuzi aombe cheti cha kifo, barua ya usimamizi na muhtasari wa kikao cha familia, kisha asiishie kwenye saini. Aonane na warithi, hasa wanawake na wazee, nao waseme kwa vinywa vyao kuwa wameridhia na wanaijua bei. Aliye mbali ailete hati ya uwakala iliyothibitishwa. Kwa makubaliano na msimamizi, kila mrithi alipwe fungu lake katika akaunti yake, fedha zote zisipite mkononi mwa mtu mmoja. Fungu la yatima liwekwe kwa jina lake. Wapangaji waliokwisha lipa kodi ya mbele waheshimiwe mikataba yao. Na hata pale mwenye nyumba yuko hai, akumbuke kuwa kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake. Aliyefanya yote hayo, kisha akafichwa jambo, tunataraji hana dhambi, ingawa haki ya aliyefichwa haifi.

Na mrithi anayetaka kuuza fungu lake peke yake, awaanze wenzake. Hiyo ndiyo haki ya shufaa. Muslim amepokea kwa Jabir (r.a.) kuwa mshirika katika mali isiyogawanywa hauzi mpaka amjulishe mshirika wake, naye akitaka atachukua, akitaka ataacha. Dalali asiwe wa kwanza kujua yale ambayo dada hajayajua.

Si lazima kuuza

Familia nyingi hudhani zina njia mbili tu: kukaa katika nyumba inayobomoka au kuuza. Ipo njia ya tatu, ya ushirika: familia hutoa kiwanja, mjenzi hutoa mtaji, jengo wakaligawana. Tangu ilipotungwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo mwaka 2008, inawezekana kila mmoja akawa na hati ya sehemu yake ndani ya jengo moja. Lakini ushirika huu nao hauwezekani mpaka mafungu ya warithi yajulikane, kwani mwenye kuingia ubia ni nani ikiwa wamiliki hawajajijua? Aya ya 282 ya Suratul Baqara inatuamuru kuandika mikataba ya deni na kuweka mashahidi. Waandike nani anamiliki ghorofa ipi, kwa muda gani, hasara inabebwa na nani, na mjenzi akishindwa njiani itakuwaje. Na mtaji wenyewe usiwe wa riba.

Mkataba huo usisahau uhai wa watu. Mwaka 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024, ghorofa jingine liliporomoka Kariakoo kwenyewe, likaua watu zaidi ya 20, na serikali ikaunda tume ya kukagua majengo ya eneo hilo. Mtume (s.a.w.) ametukataza kudhuru na kudhuriana. Anayepandisha ghorofa bila ya kibali, au anayechimba chini ya jengo lenye watu ili apate fremu zaidi, amevunja katazo hilo hata kama kiwanja amekinunua kwa halali tupu.

Na wanaoamua kuuza, wakiwa wameridhiana, tunawakumbusha hadithi iliyomo katika Sunan Ibn Majah, kuwa mwenye kuuza nyumba au kiwanja kisha asiitie thamani yake katika mfano wake, hastahiki kubarikiwa ndani yake. Wasomaji wetu wanawajua waliouza Kariakoo, fedha zikaishia katika magari na harusi, leo wanapanga chumba Mbagala. Milioni 100 za mjane zinaweza kumpatia nyumba yake Chamazi au Chanika na vyumba vya kupangisha. Anunuliwe kwa jina lake, si kwa jina la mwanawe.

Tuanzie nyumbani

Ndugu Waislamu, dhulma hii haitendwi na watu wa mbali. Inatendwa baina ya watu walionyonya ziwa moja, wanaosali safu moja. Mabinti wengi hunyamaza kwa kuogopa kuonekana wana tamaa, au kwa kuchelea kukata udugu. Tunawaambia kuwa kudai kilichofaradhishwa na Mwenyezi Mungu si tamaa. Aliyekata udugu ni yule aliyekizuia.

Kwa hiyo tunawausia wenye nyumba walio hai waandike wasia wao na madeni yao leo; Bukhari na Muslim wamepokea kuwa haimpasi Mwislamu mwenye cha kuusia kupitisha masiku mawili ila wasia wake umeandikwa. Tunawausia warithi wakae na mwanazuoni anayejua mirathi, wapige hesabu hata kama hawana nia ya kuuza, kwani kila anayekufa huifanya hesabu kuwa ngumu zaidi. Tunawausia maimamu walifundishe somo la mirathi kwa mifano ya mitaa yetu. Na tunamuusia mwenye fedha kuwa shibri moja ya ardhi iliyochukuliwa kwa dhulma, kwa mujibu wa hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu atavishwa shingoni kutoka ardhi saba Siku ya Kiyama. Kiwanja kizima cha Kariakoo kina shibri ngapi?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) azirehemu roho za wazee wetu waliotuachia nyumba hizo, awape wajane na mayatima haki zao, na atujaalie mali ya halali yenye baraka, ijapokuwa kidogo. Amin.

Wabillahi tawfiq.